Gari Lililo Chini ya Mwembe

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya mchango wa msomi katika ujenzi wa Taifa. Nilipoisoma nikakumbuka kwamba mwaka juzi mzungumzaji alipewa mada hiyo hiyo, na ndugu zangu wa mstari wa nyuma, ambao nawaona wamekaa pale pale, walilala usingizi mzuri kabisa. Basi nikamwandikia Katibu kuomba ruhusa nizungumze juu ya jambo jingine, naye akanijibu kwa maneno matatu: "Ruhusa, usichelewe tu."

Nitazungumza juu ya gari. Wengi wenu mmelipita mlipokuwa mkiingia: lile la kijivu, pembe nne kama sanduku la shule, lililo chini ya mwembe. Nimesikia kijana mmoja akimwambia mwenziwe kwamba hilo ni gari la mzee fulani aliyeishiwa. Hakukosea sana.

Gari lile ni Land Rover 110 la mwaka 1987, lenye injini ya dizeli ya lita 2.5 na tabochaja, ambayo mafundi wetu huiita tabo tu. Injini ya namna hiyo ilianza kutiwa katika Land Rover mwaka 1986, na ikaachwa mwaka 1990 ilipokuja nyingine iliyo bora. Kwa hiyo maisha yake kiwandani yalikuwa mafupi, na sababu zake nitazieleza, kwa maana nimezilipia.

Pengine mtauliza kwa nini mtu mzima mwenye mke, watoto na mshahara wa Serikali ajitie katika shughuli kama hiyo. Si mimi peke yangu. Mwenzetu mmoja wa darasa letu anaishi Michigan, Marekani, na anayo Buick Grand National ya mwaka 1987, nyeusi tititi, ambayo ameifufua mwenyewe katika banda la nyumba yake. Tunaandikiana kila wiki. Yeye hunitumia picha za injini inayong'aa kama sahani ya harusi, mimi humtumia za injini iliyojaa vumbi la Pongwe.

Hayo magari ya Kimarekani yana hadithi yake. Baada ya mafuta kupanda bei mwaka 1973, Marekani ilipitisha sheria mwaka 1975 ya kuwabana wenye viwanda watengeneze magari yanayokunywa kidogo. Injini kubwa za silinda nane zikaanza kupunguzwa. Lakini Mmarekani alikuwa amezoea nguvu, hakukubali kuzikosa. Ndipo wahandisi wakaigeukia tabo. Chrysler wakaitia katika injini ndogo ya lita 2.2 kuanzia mwaka 1984. Buick wakaitia katika injini ya silinda sita ya lita 3.8, hata ilipofika mwaka 1987 ikatoa nguvu za farasi 245, na ikawa inayashinda magari mengi yenye silinda nane. Walitengeneza na toleo la mwisho la magari 547 tu, ambayo leo bei yake haitajiki mbele ya watoto.

Kwetu hayo hayakufika, na yasingefika. Usukani wake uko kushoto, na miaka hiyo fedha za kigeni zilikuwa adimu kuliko sukari. Wakubwa zangu mliopo hapa mnakumbuka jinsi gari la mtu binafsi lilivyokatazwa kutembea Jumapili mchana ili kubana mafuta. Tabo tuliyoisikia ni ile ya redioni, Toyota Celica iliposhinda Safari Rally ya Kenya mara tatu mfululizo, 1984, 1985 na 1986. Tabo tuliyoiona kwa macho ni ya malori, na ya Land Rover za miradi ya wafadhili. Gari lile pale lilikuwa la mradi mmoja. Marehemu baba, aliyekuwa bwana shamba, alilinunua mnadani mwaka 1996, kwa fedha za kiinua mgongo chake chote.

Sasa kwa faida ya vijana nieleze tabo ni kitu gani. Mwalimu wetu wa Fizikia alitufundisha kwamba ukichoma mafuta ndani ya injini, kiasi cha theluthi moja tu ya joto ndiyo inayofanya kazi. Theluthi nyingine huondoka na maji ya redieta, na nyingine hutoka na moshi kwenye ekzosi. Mswisi mmoja aitwaye Alfred Büchi aliutazama moshi ule ukipotea bure akaona ni hasara, na mwaka 1905 akaandikisha uvumbuzi wake. Moshi unapotoka na nguvu zake, huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga. Gurudumu hilo limefungwa kwenye ufito mmoja na gurudumu la pili, lililo upande wa hewa safi. La kwanza likizunguka na la pili huzunguka, likaishindilia hewa ndani ya silinda. Hewa ikiwa nyingi unaweza kuchoma mafuta mengi zaidi, na injini ndogo ikafanya kazi ya injini kubwa. Land Rover ya dizeli isiyo na tabo ilikuwa na nguvu za farasi 68 hivi. Hii ina 85.

Ufito huo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja. Upande mmoja wake kuna moshi wenye joto la kuweza kukifanya chuma kiwe chekundu. Na kinachoushikilia ufito usisagike ni utando mwembamba wa oili, basi. Ukiizima injini ghafla ilhali tabo ni ya moto, pampu ya oili husimama, oili iliyobaki mle huungua ikawa mkaa, na mkaa huo huanza kuula ufito. Ndiyo maana mwenye tabo hutakiwa aiache injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuizima.

Baba hakusoma Fizikia ya kutosha kuyaeleza hayo, lakini aliyatenda. Akifika nyumbani Chumbageni hakuzima gari. Alitoa tasbihi yake mfukoni akavuta mzunguko mmoja, punje 99, midomo ikichezacheza, ndipo akageuza ufunguo. Majirani walidhani ni ucha Mungu. Ulikuwa ucha Mungu, na ilikuwa tabo pia.

Desemba ya mwaka 2002 nilikuwa likizo, nimetoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, nikiwa mwaka wa mwisho. Binamu yangu alikuwa anaoa Lushoto. Baba alinipa gari nipeleke watu na vyombo vya shughuli. Alinipa na masharti matatu. La kwanza, nipime oili kila asubuhi kwa kijiti chake, na isipungue alama ya chini wala isizidi alama ya juu. La pili, nisiikimbize injini milimani. La tatu ni la tasbihi, ila aliniambia nihesabu tu, maana alijua sikuwa na tasbihi.

Ndugu Mwenyekiti, kwa miaka mingi watu waliponiuliza gari la baba lilikufaje, nilijibu kwamba lilikufa kwa uzee. Jibu hilo nimelitoa hata kwa baadhi yenu mliomo humu ukumbini. Leo nasema lilivyokuwa.

Tulitoka Tanga tumechelewa. Ndani mlikuwa na shangazi, wasichana wanne wa kupika, masufuria, magodoro mawili na ngoma. Nyuma yetu lilifuata gari dogo la rafiki zangu wa Chuo, na mimi sikutaka wanipite. Muheza, Segera, Korogwe, mguu uko chini muda wote. Tulipofika Mombo nikaona taa ya oili inamemeta tukiwa tumesimama. Kijiti sikukigusa. Niliona kupekua chini ya boneti mbele ya wale wasichana ni kujishushia hadhi. Nikanunua galoni moja ya oili, lita 4, nikaimimina yote. Nilijiambia kwamba oili ni kama chakula cha shughuli, ikizidi haina neno.

Huenda ilikuwa imepungua lita moja, tena huenda haikufika. Injini ile huchukua lita sita na kitu.

Mnajua barabara ya kutoka Mombo kupanda Soni. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde na mto chini kabisa. Oili ikizidi, kranki huipiga kama mwiko unavyopiga uji, ikawa povu na mvuke. Injini hizi za mwaka 1986 zina tundu la kupumulia, ambalo mvuke wake hurudishwa kwenye bomba la hewa ili uchomwe. Pistoni zetu zilikuwa zimelegea kwa uzee, na shindo la silinda likapenya chini kuusukuma mvuke ule. Oili ikaanza kuvutwa na tabo. Na injini ya dizeli, ndugu zangu, haichagui. Oili ya kulainishia kwake ni mafuta kama mafuta mengine.

Kilometa chache kabla ya Soni niliondoa mguu kwenye mafuta ili nipige kona, na gari likaongeza mwendo. Mwanzoni nilidhani kanyagio limenasa. Nikakanyaga klachi. Hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko yote, maana injini iliyokuwa na mzigo wa mlima wa kuizuia, sasa ikabaki haina kitu. Ikapiga ukelele ambao sijapata kuusikia tena. Nikavuta breki ya mkono, nikageuza ufunguo, nikauchomoa. Injini haikuzimika. Ufunguo hukata dizeli, na injini ilikuwa haili tena dizeli, inakula oili yake yenyewe. Moshi wa buluu ukafunika barabara nzima. Watu wakaruka, shangazi aliruka na sufuria mkononi. Mimi nilisimama kando ya barabara nimeshika ufunguo, naitazama boneti ikitetemeka.

Ilichukua kama dakika moja. Kisha kikasikika kishindo, na kimya. Konrodi ya silinda ya tatu ilikuwa imetokea ubavuni mwa bloku.

Kilichotakiwa kufanywa nakijua sasa: uache klachi, utie gia kubwa, ukanyage breki mpaka injini izidiwe na ife, au ufungue boneti uzibe njia ya hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono. Sikukijua, na hata ningekijua sina hakika kwamba ningekifanya, kwa jinsi magoti yalivyokuwa.

Gari lilirudi Tanga juu ya lori. Nilimwambia baba kwamba lilikata ghafla tu, mlimani. Alilizunguka mara moja akasema, "Limechakaa. Lina miaka yake." Watu walipouliza, naye alijibu hivyo hivyo, limechakaa. Alilisukumiza chini ya mwarobaini uani akalifunika turubai, akarudi kupanda basi la Muheza.

Naomba niwaambie gharama yake, maana watu wanaozungumza juu ya magari ya zamani hupenda kutaja nguvu za farasi tu. Baba alikuwa na machungwa Muheza. Aliyaleta mwenyewe Tanga mjini na kuyauza kwa bei ya mjini. Baada ya gari kufa, akawauzia wachuuzi machungwa yakiwa bado mtini, kwa bei waliyoitaka wao. Mwaka 2003 fedha hazikutosha. Mimi nilikuwa namaliza Chuo. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa Kidato cha Pili, alikaa nyumbani mwaka mzima. Alikuwa akifua nguo kando ya lile turubai.

Nilipata kazi Serikalini. Mengi ya hapo nayaruka. Mwaka 2016 niliteuliwa katika kamati ya kukagua mali chakavu katika ofisi moja, ambayo haina haja ya kutajwa. Kazi yetu ilikuwa kutazama magari yaliyokufa na kuandika sababu. Ndugu zangu mlio watumishi mnaifahamu fomu ile. Sababu huwa ni moja: uchakavu. Tukaletewa gari lenye umri wa miaka minne, injini imeyeyuka. Dereva wake, kijana mtaratibu, alisimama mbele yetu anatazama viatu vyake. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Andika uchakavu, twende." Nikaishika kalamu nikashindwa. Si kwamba mimi ni mwadilifu kuliko wenzangu. Niliona viatu vya yule kijana, nikaviona kuwa ni vyangu.

Nilimwomba dereva tutoke nje. Akanieleza: redieta ilikuwa inavuja, aliripoti mara mbili, safari ikawa ya lazima. Tuliandika hivyo. Haikumpendeza kila mtu.

Jumamosi ile nilikwenda kwa baba. Alikuwa ukumbini, macho yamekwisha kuwa hafifu kwa mtoto wa jicho. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote: wasichana, gari dogo la rafiki zangu, galoni ya Mombo, klachi. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza:

"Ulitia lita ngapi?"

"Nne, baba. Galoni nzima."

Akatikisa kichwa. "Mimi na fundi tulikisia tatu."

Kumbe fundi wetu wa Ngamiani, mzee aliyejifunzia kazi katika karakana ya shamba la mkonge, kama walivyojifunza mafundi wengi wa mkoa huu, alilifungua bomba la hewa wiki ile ile ya mwaka 2002. Alilikuta limejaa oili mpaka mdomoni, akamwonyesha baba. Walijua wote wawili, miaka 14, wakaendelea kusema limechakaa. Nilipomuuliza baba kwa nini hakunisema, alinijibu kwamba nilikuwa nakaribia mtihani.

Jumatatu yake nikaenda Ngamiani kwa yule fundi.

Kila mtu alinishauri nitie injini ya Toyota. Ni ushauri mzuri, na Land Rover nyingi za mkoa huu zinatembea leo kwa moyo wa Kijapani. Mwenzetu wa Michigan naye aliniambia injini ile ni mbaya, niitupe. Ni kweli ilikuwa na ila zake: pistoni za kwanza zilipasuka, ilichemka haraka, na tundu la kupumulia ndilo hilo nililowaeleza. Hata Wamarekani walipitia mashaka hayo. Gari lao la kwanza la abiria lenye tabo, Oldsmobile Jetfire la mwaka 1962, lilihitaji chupa ya maji maalumu ili injini isigonge. Wenye magari wakasahau kujaza chupa, na wengi wakaishia kuing'oa tabo. Lakini mimi nilitaka injini ile ile. Fundi alinielewa bila maelezo. Tulipata bloku nzima kutoka Land Rover iliyotelekezwa katika shamba moja la mkonge upande wa Korogwe, ndani yake kuku wametaga. Pistoni za toleo lililorekebishwa zilitoka Mombasa, zikapitia Horohoro na kulipiwa ushuru wake, risiti ninazo. Tabo yenyewe niliipeleka Dar es Salaam kubadilishiwa ufito na beringi.

Kilichonishangaza hakikuwa injini, kilikuwa chumvi. Tunaishi Tanga, upepo wa bahari unaingia hadi chumbani. Bodi ya Land Rover ni alumini, haishiki kutu, na watu hudanganyika hapo wakidhani gari ni zima. Chini yake chasisi ni chuma. Ilikuwa imelika hata bisibisi ikapenya kama katika mkate. Na pale alumini inapokutana na chuma, chumvi na unyevu vikiwa katikati, metali hizo mbili huwa kama betri: alumini ndiyo huliwa, ikabaki unga mweupe. Vijana mnaosoma Kemia, haya ndiyo yale mnayokariri kwa ajili ya mtihani. Njooni mwone fremu ya mlango wa kushoto. Tulikata, tukachomelea vyuma vipya, tukaweka mpira kila mahali metali mbili zilipogusana. Kazi hiyo peke yake ilikula mwaka na nusu, kwa sababu nilikuwa nalipa kwa mshahara, kipande kwa kipande. Nilikuwa na daftari la matumizi. Lilipofika shilingi milioni 11 mke wangu akalisoma, na tangu siku hiyo daftari halikuonekana tena. Simshuku mtu.

Kuna jambo moja la kijana wa shule hii, ambalo nimeahidi kulisema. Mwanzoni mwa mwaka 2019 tuliiwasha injini. Ilikubali, lakini ilitoa moshi wa buluu, na mkononi nikaona oili inavuja kutoka kwenye tabo kuingia ekzosi. Niliishiwa nguvu. Fundi alisema tabo tuliyotengenezewa ni mbovu, irudi Dar es Salaam. Kijana mmoja wa Kidato cha Tatu, jirani yetu, aliyekuwa akija wakati wa likizo kutushikia taa, akauliza kama oili inayoingia kwenye tabo kwa pampu hurudi chini kwa pampu pia. Fundi akamwambia la, huteremka yenyewe kwa uzito wake. Kijana akasema, "Sasa mbona bomba la kurudia limepanda kwanza ndipo likashuka?" Tukainama wote. Tulilikunja vibaya wakati wa kulifunga. Oili haikuwa na njia, ikajaa na kupenya kwenye sili. Tulilinyoosha kwa saa moja, na moshi ukakoma. Fundi alimpa kijana spana yake namba 13, na kwa jinsi nimfahamuvyo mzee yule, hajapata kumpa mtu spana.

Nimeongeza vitu viwili ambavyo kiwanda hakikuviweka. Kwenye bomba la kupumulia tumetia chombo cha kukamatia oili kabla haijafika kwenye tabo. Na kwenye njia ya hewa mkerezaji mmoja wa Barabara ya Kumi na Mbili alinichongea kifuniko kinachozibwa kwa waya kutoka kwenye usukani. Ukiuvuta, injini hukosa pumzi na kufa, iwe inakula dizeli, oili au mafuta ya nazi. Nimeuvuta mara moja tu, kwa kujaribu.

Juu ya dizeli nina neno moja kwa wenye magari ya namna hii. Zamani wachuuzi walizoea kuichanganya na mafuta ya taa, ambayo hayalainishi pampu ya dizeli kama ipasavyo. Mwaka 2011 Serikali iliongeza kodi ya mafuta ya taa hata bei yake ikakaribiana na ya dizeli, kusudi mchezo huo usiwe na faida. Ulipungua sana. Hata hivyo mimi hununua kituo kimoja tu, na dizeli ya madumu ya kando ya barabara siigusi.

Machungwa ya mwaka 2019 yalikuja mjini na gari lile. Baba alikaa mbele, mkono nje dirishani. Macho yake yalikuwa hayaoni barabara, lakini tulipokuwa tunapanda kilima aliniambia nipunguze mafuta, tabo inalia. Dada yangu, ambaye sasa ni muuguzi, alikataa kupanda. Alisema atapanda siku nitakapomlipa ada ya mwaka 2003, na riba. Tulicheka. Namlipa kidogo kidogo, kwa mtoto wake aliye Kidato cha Kwanza, na bado hajapanda.

Tulipofika nyumbani nikanyoosha mkono kuzima. Baba akanishika mkono. Akatoa tasbihi.

Alifariki mwaka 2021, Mungu amrehemu. Tasbihi inaning'inia kwenye kioo cha mbele, mtaiona.

Ndugu Mwenyekiti, Katibu ananitazama saa. Boneti nimeiacha wazi, na kijiti cha kupimia oili kina kitambaa chake pembeni. Yule kijana aliyesema mwenye gari ameishiwa na aje kwanza, ufunguo ninao mfukoni. Atakayeliwasha ndiye atakayevuta punje 99 kabla ya kulizima.